Nilivyouacha Upinde wa Mashine

Kwa misimu tisa nilikuwa dereva kwenye kambi moja ya uwindaji, mbali na nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kupeleka wageni porini asubuhi na kuwarudisha jioni. Wengi walikuja na bunduki. Mmoja tu, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi, alikuja na upinde, na haukufanana na upinde wowote tuliokuwa tunaujua. Ulikuwa wa chuma chepesi, una kigurudumu juu na kigurudumu chini, na kamba zilizopishana katikati. Sisi wafanyakazi tukauita upinde wa mashine. Mchana, jua likiwa kali na wanyama wamelala, alinifundisha kuutumia. Msimu wake wa mwisho aliniachia, pamoja na mishale kumi na miwili yenye manyoya ya plastiki ya njano. Alisema mabega yake hayauwezi tena.

Nilipoacha kazi ile nilirudi nao nyumbani, Rhotia, upande wa juu, ambako mashamba yanapanda mteremko mpaka yakutane na msitu wa hifadhi ya Ngorongoro. Shamba la kaka yangu ndilo la mwisho. Likiisha kuna ukanda wa majani, kuna bikoni za saruji zinazoonyesha mpaka wa hifadhi, kisha ni miti. Langu liko chini yake, na kati yetu kuna korongo. Tunalima mahindi, maharage na ngwara, jamii ya kunde. Kila mwaka mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori wanashuka. Kundi moja likiingia shambani linayalaza mahindi kama yamepitiwa na trekta. Watu wamepiga madebe, wamewasha moto, wamefuga mbwa. Nguruwe wamezoea vyote.

Nilikwenda kwa afisa wanyamapori nikamwambia nina upinde. Alikuja kuuangalia, akauvuta mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuupenda. Tukakubaliana kwa maandishi: nguruwe tu, ndani ya mashamba tu, nisivuke bikoni, na kila nikiua nimwite aje aone.

"Na ukijeruhi," aliniambia, "nipigie simu saa hiyo hiyo. Hilo ndilo kubwa kuliko yote."

Nikasema nimeelewa.

Misimu miwili ya kwanza nilipiga vizuri. Nilijenga kilingo cha miti pembeni mwa shamba la kaka, nikawa napanda jua likielekea kuzama. Upinde wa mashine una jambo moja linalomfanya mtu ajione hodari. Unapoanza kuuvuta ni mzito, lakini ukifika mwisho uzito unaondoka, unaweza kukaa umeuvuta, unapumua, unalenga kwa taratibu kupitia kijialama chenye rangi, kisha unabonyeza kifyatulio. Hatua arobaini zilikuwa si kitu kwangu. Nguruwe alikufa bila kujua kwamba mimi nipo. Afisa alikuja, akaandika, akaruhusu nyama igawiwe. Majirani wakaanza kuniita fundi. Nilikuwa napita dukani watu wananipisha kwenye benchi, na sitasema uongo, nilipenda.

Lazima nimweleze mke wa kaka yangu, kwa sababu habari hii ni yake kuliko yangu. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kaka alikuwa ameoa mwaka ule ule. Yule binti, ambaye mikono yake ilikuwa bado na hina za harusi yake, alikuta ndani ya nyumba mtoto wa miaka tisa asiyetaka kula. Hakunibembeleza. Aliweka sahani ya makande mbele yangu, akaendelea na kazi zake, akarudi, akaiacha pale pale. Siku ya tatu nikala. Ndiye aliyenifulia, ndiye aliyenipeleka zahanati mgongoni nilipougua homa, na ndiye aliyenichapa nilipotoroka shule kwenda kuchunga. Mbele za watu nilimwita shemeji. Nikiumwa nilimwita mama, na hakuna aliyetucheka. Yeye, tangu apate watoto wake, aliniita baba mdogo. Alikuwa mwanamke wa kupanda milima. Hata alipovuka miaka hamsini alikuwa anashuka korongoni kila asubuhi kukata majani ya ng'ombe wake, anapanda na mzigo kichwani huku anaongea.

Jioni ile ya msimu wa tatu nilikuwa juu ya kilingo. Chini, kwenye njia, majirani watatu walikuwa wamesimama wakinitazama. Walikuwa wanatoka mnadani na mmoja wao alikuwa mgeni, shemeji wa mtu, aliyeambiwa habari zangu. Dume kubwa la nguruwe likatokea juu kabisa, karibu na ukanda wa majani. Nilikadiria hatua hamsini na tano, pengine sitini. Mwanga ulikuwa unapungua. Nilijua ni mbali. Ningekuwa peke yangu nisingelipiga.

Nikavuta. Nikakaa pale kwenye ule wepesi wa mwisho, nikingoja ligeuze ubavu. Nilipobonyeza tu likapiga hatua. Mshale ukiingia mahali pazuri sauti yake ni nzito, kama gunia linalotuliwa chini. Ile niliyoisikia ilikuwa kama kofi. Dume likaruka, likaingia majanini likielekea msituni.

Nilishuka nikapanda mpaka pale liliposimama. Damu ilikuwa matone machache tu, na ilikuwa imechanganyika na uchafu wa tumboni. Kila mtu aliyewahi kukaa kambi ya uwindaji anajua maana yake. Mnyama wa namna hiyo hafi leo. Huenda asife kesho. Na atakuwa na uchungu na hasira mpaka mwisho.

Niliporudi njiani yule mgeni aliniuliza, "Umempata?"

Nikajibu, "Nimekosa."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikumpigia afisa. Nilijiambia usiku unaingia, na kwamba mnyama ameshavuka bikoni, na ng'ambo ya bikoni siruhusiwi. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa fundi. Mvua ilinyesha ikafuta damu. Siku iliyofuata nilitembea kando ya mpaka nikajifanya natafuta, nikarudi, nikamwambia mke wangu kwamba nilikwenda kuangalia mahindi.

Siku ya pili yake, asubuhi, nilikuwa napalilia maharage niliposikia yowe kutoka korongoni. Nilimtambua kwa sauti. Nilikimbia nikiwa na jembe mkononi. Nilipofika watu wa upande wa pili walikuwa wametangulia na mikuki, na nguruwe alikuwa amelala kwenye vichaka akitetemeka. Hakuwa amebaki msituni. Alikuwa amezunguka akashuka kwenye korongo letu, akalala kwenye kivuli kwa siku mbili, mpaka shemeji alipofika na mundu wake.

Meno yalikuwa yamempasua paja la kulia, juu ya goti kwa nyuma. Kaka alikuwa amelifunga kwa kanga, na kanga ilikuwa imeshabadilika rangi yote. Tulimbeba juu ya mlango tulioung'oa kwenye banda la kuku mpaka barabarani, tukasimamisha pikapu iliyokuwa imebeba magunia ya vitunguu, tukamlaza juu yake. Njia nzima mpaka Karatu nilishikilia mguu wake uliokuwa mzima. Hakulia. Aliuliza mara moja tu kama ng'ombe amepewa maji.

Alikaa hospitali majuma matatu. Daktari alisema mshipa unaotuma nguvu kwenye wayo umekatika, na kwamba atatembea, ila mguu hautamtii kama zamani. Siku ya nne nilikwenda peke yangu kumpelekea uji. Alikunywa nusu, akaweka kikombe juu ya meza ndogo.

"Baba mdogo," akasema, "yule nguruwe alikuwa na kitu cha njano ubavuni. Nilikiona kabla hajanifikia."

Nikafunika chupa ya uji.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ile. Niliwaambia watu nimekosa."

Akatazama dirishani. Nje kulikuwa na watu wameanika nguo kwenye ukuta. Halafu akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kunieleza mambo ya nyumbani nilipokuwa mdogo, "Ungesema tu. Ningekata majani upande wa pili."

Akachukua kikombe akamalizia uji. Nimekuwa nikitamani angeniongezea neno. Matusi yangekuwa na mwisho.

Nilikwenda kwa kaka jioni hiyo hiyo. Nilimkuta anakamua. Nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni mwa zizi. Hakuacha kukamua mpaka alipomaliza. Akanyanyuka, akafunika ndoo.

"Mshale niliuchomoa mimi," akasema. "Nilikuwa nangoja uje."

Akanipita akaingia ndani. Kwa miaka mitatu baada ya hapo tulisalimiana, tulikaa benchi moja kanisani, tulisaidiana kuvuna, lakini hatukuzungumza. Mtu wa nje asingeona tofauti.

Kwenye mkutano wa kitongoji nilisimama nikasema nilichofanya. Hakuna aliyenizomea. Mwenyekiti alinishukuru kwa kusema, na hilo liliniumiza kuliko kuzomewa. Kisha nikaupeleka upinde ofisini kwa afisa wanyamapori, na mishale yote. Aliupokea, akauweka kwenye stoo na kufunga kofuli. "Nilikuambia lipi ni kubwa," akasema. Nikamjibu kwamba aliniambia.

Shemeji alirudi nyumbani na fimbo. Mguu ulikuwa unaburuza vidole, na kwenye mteremko wetu mguu kama huo hauna faida. Nikachukua mundu wake. Kila asubuhi nilishuka korongoni, nikakata majani, nikampelekea ng'ombe wake, kisha nikaenda shambani kwangu. Hakunikataza wala hakunishukuru. Tulikuwa tunaongea juu ya maziwa, juu ya mvua, juu ya wajukuu.

Msimu uliofuata nguruwe walikuja kama watu walioitwa. Walimaliza robo ya shamba la kaka kabla mahindi hayajakomaa. Majirani wakaanza kunijia mmoja mmoja. Nikawajibu wote kwamba mikono yangu imeacha. Asubuhi moja shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua yale machache yaliyookolewa, nami nikatua mzigo wa majani.

"Unawakatalia watu," akasema.

"Upinde ule siuwezi tena, shemeji."

"Sijasema ule." Akaendelea kupukuchua. "Nguruwe hawajui kama wewe unasikitika. Mahindi yanaisha. Tafuta unaouweza."

Nilikaa na maneno hayo majuma kadhaa. Nilichokuwa nakiogopa hakikuwa kupiga. Nilikuwa naogopa ule umbali. Kutoka juu ya kilingo, hatua sitini, mtu anaweza kujeruhi kitu na kurudi nyumbani kula. Nikawaza kwamba kama nitashika tena upinde, uwe ule unaonilazimisha kufika karibu kiasi kwamba siwezi kujidanganya mshale umeingia wapi. Baba yetu alikuwa na upinde wake, lakini ulikuwa umeliwa na mchwa nikiwa bado sijazaliwa, na kwetu hakuna tena mtu wa rika langu anayejua kuutengeneza.

Nilimkumbuka mtu mmoja kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Ni Mhadzabe, umri wetu haupishani sana. Nilifahamiana naye nilipokuwa napeleka watalii, kabla ya kazi ya kambini. Wahadzabe wanaruhusiwa kuwinda kwa upinde kwenye eneo lao, na yeye hajaacha hata siku moja, ingawa wakati wa kung'oa vitunguu anakwenda kufanya kibarua kwenye mashamba kama wengine. Ni mtu mwenye hasira za haraka na subira ndefu, vitu ambavyo sikujua vinakaa pamoja.

Nilipanda bodaboda nikamkuta kwenye mawe anakofikia kipindi cha kiangazi. Nikamweleza ninachotaka. Aliniuliza kwa nini. Nikamweleza yote, mpaka pale kwenye kanga.

Alikuwa ananyoosha mti wa mshale, anaupasha kwenye makaa, anauuma kwa meno, anauangalia. Akaacha.

"Huyo nguruwe," akasema, "alikaa na mshale siku ngapi?"

"Mbili. Watu walimmalizia kwa mikuki siku ya tatu asubuhi."

"Siku mbili ni nyingi," akasema, akarudisha mti kwenye makaa.

Nilikuwa nimelilia mguu wa shemeji, nimelilia jina langu, lakini yule nguruwe sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Niliona haya kwa namna nyingine, mpya.

Alikubali kunifundisha kwa masharti. Nisiwinde huku, kwa sababu ruhusa ni yao na si yangu. Nisimwombe sumu ya mishale, kwa sababu sumu si ya shambani kwenye watoto. Na nisije na watalii.

Nikawa naenda kila baada ya majuma mawili, nakaa siku tatu. Alinipeleka kwenye miti ya mikole, akanionyesha tawi, nikalikata, nikalimenya. Tulilipasha na kulipinda siku nyingi kidogo kidogo. Ugwe, yaani kamba ya upinde, alinisokotea kwa kano za mnyama. Vyembe vya mishale nilivifuata kwa mhunzi wa Kidatoga, anayevifua kwa misumari mikubwa, vipana kama jani. Manyoya yalikuwa ya kanga, na nilijifunza kuyafunga kwa kano iliyolowekwa mdomoni, mpaka ulimi ukapoteza ladha.

Upinde wake mwenyewe sikuweza kuuvuta hata nusu. Wangu alioupunguza nguvu ulinishinda majuma mawili ya kwanza. Ugwe ulinichapa mkono wa kushoto mpaka ngozi ikawa ya zambarau, vidole vikatoa malengelenge. Lakini shida kubwa haikuwa maumivu. Nilikuwa navuta, kisha nakaa nikingoja ule wepesi. Hauji. Upinde wa mti, kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Mkono unaanza kutetemeka, mshale unayumba, unauachia kwa kuchoka.

"Unangoja nini?" aliniuliza.

"Nalenga."

"Ulitakiwa uwe umemaliza hayo kabla hujavuta."

Ilinichukua miezi kukubali. Kwenye upinde wa mashine nilikuwa navuta kwanza, ndipo naamua. Kwenye huu, uamuzi unafanywa ukiwa bado umeshusha mikono: mnyama ameelekea wapi, mguu wake wa mbele uko wapi, nyuma yake kuna nini. Ukishavuta ni pumzi moja. Na kama hujaamua, huvuti.

Jambo lingine alilonitaka nifanye lilikuwa kukaribia tu, bila upinde. Nilikaribia pimbi, nilikaribia digidigi, nilikaribia kanga, nikiwa natambaa kwenye mawe mtu mzima wa miaka arobaini na mitano. Mwanzoni walikimbia nikiwa hatua thelathini. Baadaye ishirini. Siku moja nilifika kwa digidigi mpaka nikaona kope zake, na kupe wawili waliokuwa wanatembea kwenye sikio lake. Nilirudi nikamweleza. Alisema, "Sasa rudi kwenu."

Nilikwenda kwa afisa wanyamapori na upinde wa mti. Aliushika, akaugeuza, akaniuliza kama nina uhakika. Tukaandikiana upya, na safari hii nilimwomba mwenyewe aongeze kwamba sitapiga zaidi ya hatua kumi na mbili. Akaandika.

Msimu ule sikuua kitu kwa majuma sita. Kilingo nilikivunja, nikawa nakaa chini, ndani ya mahindi, alfajiri kunapopambazuka. Ukungu wa Rhotia ulilegeza ugwe wa kano, kitu ambacho kule Eyasi kwenye ukavu hakipo, nikalazimika kuuvua kila mara na kuuweka ndani ya sweta, kifuani. Nguruwe walininusa. Walinisikia. Mara tatu walikuwa ndani ya hatua kumi na mbili na hawakukaa vizuri, nikaacha. Majirani walikuwa wananiona narudi mikono mitupu. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeshindwa.

"Alikuwa na mashine," nilisikia mtu anasema dukani, "karudi kwenye fimbo."

Alikuwa anasema kweli.

Asubuhi moja jike, peke yake, lilikuja likila kwenye mstari niliokuwa nimeketi. Nililisikia linatafuna kabla sijaliona. Lilisimama hatua nane, likageuza ubavu, likanyoosha mguu wa mbele kufikia bua. Niliamua. Nikavuta, nikaachia. Mshale uliingia mpaka manyoya. Lilikimbia kama urefu wa uwanja wa shule, likaanguka ndani ya mahindi. Nilifika likiwa bado linapumua. Nilikaa karibu nalo mpaka likaacha. Halikuchukua muda, lakini nilikuwepo. Sikuwahi kuwepo kabla ya hapo. Nikampigia simu afisa nikiwa bado nimeketi pale.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo sikujeruhi tena. Si kweli. Mwaka uliofuata, asubuhi yenye ukungu, nilimpiga dume hatua kumi, na bua la muhindi ambalo sikuliona likausukuma mshale. Uliingia nyuma, kwenye paja. Nguruwe akapotea upande wa korongo.

Nilipiga simu kwa afisa nikiwa nimesimama pale pale. Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba. Nilianza na za juu, nikashuka. Nilisema maneno yale yale kila mlango: "Nimejeruhi nguruwe. Amekimbilia korongoni. Msishuke, wala msipeleke ng'ombe, mpaka nirudi kuwaambia." Wengine walinitazama kwa huruma, wengine kwa kukasirika, maana ni asubuhi na kazi zinangoja. Mama mmoja alisema, "Tena?" Nikamjibu, "Tena."

Nyumba ya kaka niliiacha ya mwisho, sijui kwa nini. Walikuwa wote wawili uani. Nikasema maneno yangu. Shemeji alisikiliza, akageuka kumtazama mumewe. Kaka aliingia ndani, akatoka na mkuki wake na koti.

"Ameingilia wapi?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza tangu siku ile ya zizini, ukiondoa habari za asubuhi.

Afisa alifika na askari mmoja mwenye bunduki, tukaingia wanne. Tulifuata damu kidogo kidogo, tone hapa, jani lililopakwa pale. Kaka ana macho mazuri kuliko yangu. Mara mbili niliipoteza damu, naye akaninyooshea kidole ilipo. Damu ilipanda, ikavuka bikoni, afisa akasema tuendelee. Jioni tukaipoteza. Nilirudi nikapita tena kwenye nyumba zote kuwaambia kwamba bado. Kulipopambazuka tukaanza pale tulipoishia. Mchana tulimkuta chini ya mti ulioanguka, amekaa kama mbwa, anatutazama. Askari aliinua bunduki. Nikamwomba aniache. Nilikaribia mpaka hatua sita, ubavuni, kaka akiwa nyuma yangu na mkuki tayari. Nikapiga. Akalala.

Tulikaa chini, hakuna aliyekuwa na nguvu. Kaka akatoa viazi vitamu kwenye koti, vimepoa, akavunja kimoja, akanipa nusu.

"Siku moja na nusu," akasema.

"Ni nyingi," nikasema.

"Ni nyingi," akasema. Tukala.

Tuliposhuka tuliwakuta wanawake sita au saba wameketi kwenye ukuta wa mawe mbele ya nyumba ya kaka, na miundu yao mapajani. Walikuwa wamengoja tangu asubuhi, kwa sababu shemeji alikuwa ameketi kwenye njia ya korongoni, amenyoosha mguu wake kukatiza njia, na hakuna aliyethubutu kuuruka.

"Mmempata?" akatuuliza.

"Tumempata," kaka akajibu.

Akauvuta mguu wake kwa mikono miwili, akawaambia wanawake, "Haya, shukeni. Ng'ombe wana njaa." Wakanyanyuka, wakapita mmoja mmoja wakituamkia. Nikachukua mundu wa shemeji uliokuwa umeegemezwa kwenye fimbo yake, nikashuka nao.